Jioni ya Mtu Huru: Starehe za Wanyonge wa Ng'ambo ya Unguja baada ya 1897

Wanahistoria walioandika habari za utumwa wa Unguja wamehesabu mikarafuu, watu waliovushwa bahari, na hati zilizotolewa mahakamani. Hesabu hizo ni za lazima, na asiyezijua hana la kusema juu ya visiwa vile katika karne ya kumi na tisa. Lakini kuna swali moja ambalo halikuwekewa daftari: mtumwa alipokwisha kuwa huru, jua likachwa, alikwenda wapi? Alikaa na nani, alivaa nini, aliimba kwa lugha gani, na nani alimfungulia mlango?

Swali hili laonekana dogo likiwekwa mbele ya maswali ya ardhi na ujira. Mimi naliona kubwa. Utumwa, kabla ya kuwa jambo lingine lolote, ulikuwa ni milki ya saa za mtu. Bwana alikuwa na haki ya mchana wa mtumwa na, akipenda, ya usiku wake pia. Katika mashamba mengi ya Unguja desturi ilikuwa kumwachia mtumwa siku mbili za juma, Alhamisi na Ijumaa. Lakini siku hizo alizitumia kulima kipande alichopewa ili apate chakula chake, kwa hiyo hata mapumziko yake yalikuwa kazi. Ngoma zilikuwako, hapana shaka, na watumwa walizicheza. Walizicheza pia katika harusi na sherehe za mabwana, na humo ndimo tofauti ilimokaa: mmoja alikuwa anastarehe, na mwingine alikuwa sehemu ya starehe ya mwenziwe.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shauri na shinikizo la Waingereza, alitia sahihi amri ya kufuta hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Wengi husoma kichwa cha amri ile na kuishia hapo. Yafaa kusoma vifungu vyake. Mtumwa hakuwa huru kwa kuamka asubuhi. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo, na mlango wao haukufunguliwa mpaka mwaka 1909. Uhuru, basi, ulikuja ukiwa umefungwa kamba ya kazi: mtu alikuwa huru kwa sharti kwamba asionekane amekaa bure. Serikali iliyoogopa kuharibika kwa mavuno ya karafuu haikupenda kumwona mtu mweusi kivulini.

Waliotoka mashambani walikwenda Ng'ambo. Jina lenyewe laeleza mahali: ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe wa mawe na upande wa vibanda vya udongo na makuti. Mkono ule wa maji umekwisha kufukiwa, na mahali pake pamepita barabara. Lakini mgawanyo uliowekwa na maji ulidumu katika fikira za watu baada ya maji kukauka. Huko walikaa Wanyamwezi, Wazaramo, Wayao, Wamanyema, Wazigua, Wangazija na wenyeji wa visiwa, wengi wao wakiwa wapangaji wa viwanja vya wenye mali. Kila mmoja alikuja na ngoma yake, na baada ya muda mfupi haikuwa rahisi kusema ngoma ipi ni ya nani.

Jambo la kwanza walilolifanya kwa fedha yao ndogo lilikuwa la nguo. Mtumwa kwa desturi hakufunika kichwa, wala hakuvaa viatu mbele ya waungwana. Mwanamke alijulikana kwa kaniki yake, kitambaa cha bei ndogo chenye rangi nzito isiyo na ua. Baada ya amri ya 1897 wanaume walivaa kofia na kanzu, na wanawake wakaacha kaniki wakanunua kanga, na kila toleo jipya lililofika dukani lilikuwa na wanunuzi wanaolisubiri. Wako waliocheka, wakasema maskini anamaliza ujira wake mgongoni. Kicheko hicho hakikuelewa jambo. Mtu hawezi kwenda karamuni amevaa hali anayoikimbia. Kanga mbili mpya zilikuwa kibali cha kuingia mkutanoni, na wanawake wa Ng'ambo walilijua hilo kuliko waliowacheka.

Na tuwataje wanawake hasa, maana hapa kuna kinyume kimoja ambacho sijaona kikipewa uzito wake. Mke wa muungwana katika Mji Mkongwe alikuwa na dhahabu, na watumishi, na jina. Lakini heshima yake ilikuwa ni kukaa ndani, na jioni yake ilikwisha kwenye ukuta wa ua. Mwanamke aliyekuwa mtumwa hakuwa na jina la kulinda. Alitoka kuuza, alitoka kuchota maji, na uhuru ulipokuja alitoka kucheza. Katika Ng'ambo, unyago uliotokana na makabila ya bara ukawa chama cha wanawake wa asili mbalimbali. Waliokuwa wamefungiwa nje ya sherehe za waungwana walijipatia sherehe yenye makungwi wao, siri zao na daraja zao, na msichana wa Kizaramo aliweza kufundwa pamoja na wa Kiyao bila mtu kuuliza babu yake aliuzwa na nani. Waliotazama kwa dharau kutoka ng'ambo ya pili walikuwa pia, wengine wao, wakitazama kwa wivu.

Ikiwa ngoma ilikuwa na milango mingi, taarab ilikuwa na mmoja, na mlango huo ulikuwa wa jumba la kifalme. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ili muziki ule upigwe mbele ya kiti chake. Mwaka 1905 vijana wa mji wenye nafasi waliunda chama cha Ikhwan Safaa, ambacho kingali hai hata leo, wakaagiza ala na kujifunza. Nyimbo za miaka ile ya mwanzo zilikuwa za Kiarabu. Wapigaji walikuwa wanaume. Wasikilizaji walikuwa wageni waalikwa. Sisemi haya kwa kuwashutumu waliounda chama kile. Walipenda muziki na waliutunza, na bila wao pengine hapangekuwa na cha kurithiwa. Lakini mtu wa Ng'ambo aliyetaka kusikia taarab mwaka 1905 ilimbidi asimame nje ya dirisha.

Aliyeingia ndani, na kisha akautoa muziki nje, alikuwa mwanamke mmoja wa Fumba. Alizaliwa karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na wazazi wake walimwita Mtumwa. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kufinyanga, na yeye alitembeza vyungu akiviuza, akiwaita wanunuzi kwa sauti ambayo baadaye ilimpa jina lingine. Mwaka 1911 alihamia mjini. Hakuwa amesoma, alifundishwa kuimba na wajuzi wa muziki wa mji, akashika nyimbo za Kiarabu kwa sikio, na alipokwisha kuzishika akafanya jambo ambalo wenye elimu hawakulifanya: aliimba kwa Kiswahili. Jina la Siti alipewa kwa kuheshimiwa, akawa Siti binti Saad, na jina la Mtumwa likabaki kuwa habari ya wasifu.

Waliompigia ala walikuwa wanaume wa hali ya kawaida wa Ng'ambo. Kundi lile liliitwa katika harusi za matajiri na katika jumba la Sultani Khalifa bin Harub, likalipwa; na usiku mwingine wakazi wa Ng'ambo walikusanyika kulisikiliza karibu na nyumba zao, wakielewa kila neno. Hapo ndipo mabadiliko yalipotokea. Hapo zamani starehe iliyo bora ilishuka kutoka juu kama makombo ya karamu. Sasa muziki wa jumba la kifalme ulikuwa na mtunzi katika kibanda, na jumba la kifalme lilikuwa likimwita yeye.

Hawakukosekana waliochukia. Kuna shairi la kejeli linalojulikana hata leo na kila mpenda taarab, linalouliza mwanamke huyu alianza lini kuwa mtu, na kumkumbusha nguo aliyoingia nayo mjini. Nguo iliyotajwa ni kaniki. Mshairi yule alijua vizuri alichokuwa akikisema: alitaka kumrudisha Siti katika hali ya kabla ya 1897 kwa kipande cha kitambaa. Siti alimjibu kwa shairi lililotanguliza akili mbele ya sura na nasaba, na jibu likaimbwa kuliko tusi.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Sahani zile ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki. Idadi hiyo ni kubwa, lakini idadi ya masikio ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa sahani moja katika mkahawa ilisikilizwa na kila mwenye senti ya kikombe cha kahawa, na na wapita njia wasio na hata hiyo. Mchukuzi wa bandarini hakuweza kununua santuri. Aliweza kukaa barazani. Sidhani kwamba kampuni ya sahani ilikusudia kuwahudumia watu hao, lakini historia ya starehe imejaa mambo yaliyofanywa na watu bila ya kukusudiwa na wenye duka.

Isidhaniwe kwamba nyimbo zile zilikuwa za mapenzi na maua tu. Mojawapo, ule unaojulikana kwa jina la Kijiti, waeleza kisa cha mwanamke mgeni kutoka bara aliyetoka na wenzake kwenda kustarehe, akauawa. Mwuaji alivuka bahari akatoroka. Waliotiwa hatiani ni wanawake waliomkaribisha mgeni yule. Nautaja wimbo huu kwa sababu unakataa kutudanganya. Jioni ya mwanamke wa Ng'ambo ilikuwa yake, lakini haikuwa salama, na mahakama ilipopata nafasi ya kumtafuta mkosaji ilimwona kwanza mwanamke aliyetoka nyumbani usiku. Wanawake wenzake waliimba kisa hicho katika mikutano yao, na kwa njia hiyo hukumu ile ikahukumiwa tena na watu ambao hawakuulizwa neno mahakamani.

Mambo haya hayakuwa ya Unguja peke yake, ijapokuwa kila mji uliyapa sura yake. Huko Lamu mtaguso ulipita katika dini. Habib Saleh bin Alawi, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935, aliishi karibu na watu wa chini, akawafundisha wale ambao waungwana waliona si haki yao kufundishwa, na katika maulidi yake pakapigwa matari. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa na matari. Nadhani walichukizwa zaidi na wapigaji. Msikiti wa Riyadha aliouasisi ukawa kitovu cha maulidi ambayo hata leo huvuta wageni kila mwaka kutoka pwani nzima, na katika safu za wapigaji hapaulizwi nasaba.

Beni ilikuwa kitu kingine. Ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, ikaenea Tanganyika, na vita vya 1914 hata 1918 vikaisambaza pamoja na askari na wapagazi. Kulikuwa na majenerali, wafalme, madaktari na sare. Terence Ranger, aliyeitungia kitabu kizima mwaka 1975, ameonyesha kwamba mchezo huo ulikuwa pia chama cha kusaidiana: mwanachama aliugua akatazamwa, akafa akazikwa. Katika Tanganyika vyama viwili vilishindana, Marini na Arinoti. Marini ilipendwa na makarani na watu waliojihesabu wa daraja, na Arinoti ikawapokea wafanyakazi wa mikono na wageni waliotoka bara. Hapa msomaji na asimame kidogo. Watu waliofungiwa nje na Wazungu walijenga nyumba yao ya furaha, na mara wakaigawa vyumba vya juu na vya chini. Vivyo hivyo katika lelemama ya wanawake wa Mombasa, iliyowapokea hata waliokuwa na asili ya utumwa: cheo kilipatikana kwa kutoa, na mashindano ya karamu yalikula mali ya washindani. Aliyekuwa maskini kabisa aliweza kucheza, lakini kutawala kulitaka fedha. Kwa maoni yangu hili halipunguzi thamani ya vyama hivyo. Latuonya tu tusiwafanye wanyonge kuwa malaika kwa sababu walionewa.

Mpira wa miguu nitausema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wamekwisha kuusema. Ila moja husahauliwa. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuucheza Unguja walikuwa wavulana wa shule ya misheni ya Kiungani, na wengi wa wavulana hao walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Wamisheni waliwapa mchezo ili wawafundishe utii na saa. Mchezo ukaondoka mikononi mwa misheni ukaingia Ng'ambo, ambako mitaa iliunda timu zake na kucheza peku. Uwanja wa Mnazi Mmoja, uliokaa kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ulitumiwa na Wazungu kwa gofu na kriketi. Upande wa mpira ulijaa watu ambao asubuhi walikuwa wakibeba magunia ya karafuu. Kwa dakika chache za jioni, karani na mchukuzi walipimwa kwa miguu yao.

Senema ilikuja na desturi ya kuuza nafasi kwa daraja. Jumba la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, na yaliyofuata yalikuwa na viti vya bei mbalimbali, vya bei ndogo vikiwa mbele karibu na pazia, ambako shingo huuma. Watoto wa maskini walikaa huko wakafurahi. Lakini waliofaidika kwa namna isiyotazamiwa ni wale wanawake wa ndani niliowataja juu. Yaliwekwa maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, na filamu za Misri na za Kihindi zikaonyeshwa mbele ya ukumbi uliojaa mabuibui. Binti wa jumba la mawe na binti wa kibanda cha makuti walilia pamoja gizani kwa ajili ya mapenzi ya watu wasiowajua. Buibui nalo, ambalo watu wa leo hulifikiria kuwa kifungo, lilikuwa wakati ule vazi lililowasawazisha. Chini yake nasaba haikuonekana, na ndiyo maana wengi walilipenda.

Husemwa na baadhi ya wasomi kwamba starehe hizi zote ziliwalaza watu. Kwamba mtu anayecheza hadai, na kwamba serikali ya wakoloni, iliyotoza vibali vya ngoma na kuweka saa za kuzinyamazisha, ilikuwa kwa siri ikifurahi. Ni hoja ya kuheshimiwa, na kwa mahali pengine huenda ikawa kweli. Kwa Ng'ambo haikubaliani na tarehe. Mwaka ule ule wa 1928, ambao Siti aliimba mbele ya mashine huko Bombay, wapangaji wa viwanja vya Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye mali wa mjini. Waliogoma walikuwa ni watu wa mitaa ile ile yenye ngoma, timu na baraza za santuri, na wanawake walikuwa miongoni mwao. Walikwisha kujuana. Walijua nani anaweza kuita watu usiku wakaja, nani anaaminiwa kushika fedha ya pamoja, na nyumba gani ina ua mpana wa kutosha mkutano. Na mambo hayo matatu hakuna aliyewafundisha katika shule yoyote ya serikali.